Ile karoti ya miguu mitatu, na kwa nini nimefuta video yangu ya nyanya

Leo hakuna klipu. Haya mambo siwezi kuyamaliza kwa sekunde sitini, na sitaki kuyawekea muziki.

Mlio nami tangu mwaka jana mnakumbuka ile video ya karoti. Nilikuwa Gakoromone asubuhi mapema, ile saa matope bado ni mabichi na watu wa mikokoteni wanakupigia kelele utoke njiani. Mama mmoja anayeuza karoti na viazi akanipa karoti yenye miguu mitatu. "Piga picha, kijana wangu," akaniambia, "hii hakuna mtu atanunua, labda wewe utapata pesa nayo." Nikapiga, nikaweka sauti ya mtangazaji wa mpira, watu wakacheka hadi wakachoka. Katikati ya kicheko kukawa na komenti moja tu ya mtu ambaye hakuwa anacheza: "Angalia vile vimizizi vya pembeni. Vina vifundo. Hiyo si karoti ya kuchekesha, hilo ni shamba lina minyoo." Aliyeandika ni dada fulani anayesomea kilimo. Nilimjibu, "haha sawa daktari."

Kwa haki ya yule mama, karoti inaweza kugawanyika kwa sababu ya mawe pia, au samadi mbichi, kwa hivyo usiende kumsumbua mtu soko na darubini. Lakini vifundo ni kitu kingine.

Miezi minne baadaye nilikuwa nimechuchumaa ndani ya grinihausi tuliyojenga na binamu yangu upande wa Nkubu, nimeshika shina la nyanya nililoling'oa kwa hasira. Nyanya zilikuwa zinanyauka mchana kama zimekosa maji, jioni zinaamka, kesho yake tena hivyo hivyo. Tukaongeza maji. Tukaongeza mbolea. Kwa agroveti tukauziwa dawa ya majani, halafu ya ukungu, halafu chupa ya "kuongeza nguvu", na kila chupa na bei yake. Hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwa wa kwanza, aliyesema: ebu ng'oa moja tuone chini. Siku niliyong'oa, mizizi ilikuwa imevimba vinundu vinundu kama shanga, mahali pengine minene kama kidole cha mtoto. Nikamkumbuka daktari wangu wa komenti.

Sasa sehemu inayouma. Msimu wa kwanza nyanya zilikubali. Ndiyo ile video mnaijua wote, nimesimama katikati ya mistari na shati safi, nikiwaambia vijana waache kulia hakuna kazi na udongo upo. Hiyo ndiyo iliyotazamwa kuliko zote nimewahi kutoa. Msimu wa pili mavuno yalishuka, mimi nikanyamaza. Msimu wa tatu ndio huo wa shanga. Na wakati wote huo video ya msimu wa kwanza inaendelea kuzunguka bila mimi, kila mtu anatumia mwenzake.

Halafu kijana wa Embu akaniandikia inbox: "Bro, nilichukua mkopo wa chama nikajenga kama yako. Nimevuna poa. Wiki ijayo narudisha nyanya tena." Pale pale. Nyanya juu ya nyanya, kwa sababu ndivyo alivyoniona nikifanya. Chama chenyewe ni cha mama yake na marafiki zake wa kanisa.

Nimefuta video. Najua kufuta hakumsaidii mtu aliyekwisha kujenga, ndiyo maana naandika.

Kwanza, huyu mnyoo ni nani. Wataalamu wanasema nematodi, na hawa wa vifundo jenasi yao ni Meloidogyne. Wakulima na maafisa wa kilimo wanawaita minyoo fundo. Usifikirie mnyoo wa tumbo. Yule anayeshambulia mzizi bado ni mtoto, urefu wake ni kama nusu milimita, mwembamba hivi kwamba macho yako hayamwoni. Anaanguliwa kwa udongo, anaogelea kwenye utando wa maji ulio kati ya chembe za udongo, anatafuta ncha ya mzizi, anapenya. Ndani anachagua mahali na kudunga seli kwa mate yake, na zile seli zinageuka majitu, zinakuwa jiko lake la kudumu. Hapo hahami tena. Jike anavimba kama peasi na kutaga mayai mamia, wakati mwingine hadi 1,000, ndani ya ute kama jeli. Na kwa zile spishi zinazosumbua sana mashamba ya joto, incognita na javanica, jike hahitaji dume. Mama mmoja asiye na bwana anatosha kuanzisha ukoo kwa grinihausi nzima.

Hii inayofuata ndiyo ilinigeuza akili. Tangu siku anatoka kwa yai mpaka siku anaingia kwa mzizi, yule mtoto hali chochote. Hana uwezo huo. Anatembea kwa mafuta aliyowekewa ndani ya yai. Ni kama umepewa simu na bando moja, na hakuna mahali pa kununua ingine njiani mpaka ufike kwenye waifai. Waifai yake ni mzizi.

Na joto ndilo linaamua bando litaisha lini. Mnyoo hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata udongo. Udongo ukiwa baridi anapoa, anatembea kidogo, mafuta yanapungua polepole, anaweza kungoja. Udongo ukipata moto anachangamka, anazunguka huku na kule, na akiba inaungua. Mwaka 1967 watafiti watatu, Van Gundy, Bird na Wallace, walichapisha kazi yao kuhusu uzee na njaa kwa watoto wa minyoo fundo na wa minyoo wa michungwa. Kitu kimoja hapo kilinishika: kadiri akiba inavyokwisha mnyoo anapoteza mwendo, anapoteza pia uwezo wa kuingia kwa mzizi, na hayo yanakuja kabla ya kifo. Yaani unaweza kuwa na mnyoo aliye hai kabisa, ukimweka chini ya darubini anajikunja, lakini hana nguvu ya kufungua mlango.

Basi joto ni adui yake? Ngoja kwanza. Joto likimkuta nje, hakuna mzizi, linammaliza. Likimkuta ndani ya mzizi, linamtajirisha. Akishafika kwa waifai hahesabu bando tena, na udongo wa nyuzi 25 hadi 28 unamfanya akue mbio: kutoka yai hadi yai ni kama wiki tatu au nne. Kwa udongo wa baridi kazi hiyo hiyo inaweza kumchukua miezi miwili na zaidi. Sasa nyanya ya grinihausi inakaa hapo nusu mwaka. Piga hesabu ya vizazi mwenyewe, kila jike na mamia ya mayai. Sisi tulijenga ile nailoni ili mmea upate joto. Kumbe tulikuwa tunampikia mgeni.

Kuna mtu atasema: si kuna mbegu sugu? Zipo, na ni nzuri. Kama umewahi kuona herufi VFN kwa pakiti ya mbegu za nyanya, ile N ni nematodi. Mara nyingi nyuma yake kuna jeni inaitwa Mi, iliyotolewa kwa nyanya-mwitu wa Amerika Kusini. Mnyoo akiingia, seli za mahali anapotaka kujenga jiko zinajiua, anakosa chakula. Safi sana. Shida ni kwamba jeni hiyo huanza kushindwa udongo ukipita takriban nyuzi 28. Fikiria: unanunua mbegu ya bei, unaiweka kwa grinihausi isiyo na madirisha ya kutosha, mchana wa Februari udongo unapika, na ule ulinzi uliolipia unazimika bila hata kukuambia. Halafu unaenda kulaumu kampuni ya mbegu. Mimi nililaumu. Kipimajoto cha udongo sijawahi kumiliki hadi mwaka huu.

Ukitaka kuelewa hii kitu bila kusoma kitabu, panda matatu. Kibirichia asubuhi unavaa jaketi mbili. Unashuka Meru mjini unatoa moja. Unapita Nkubu, unafika Mitunguu umebaki na fulana na unatafuta maji ya baridi. Hiyo ni safari ya saa chache tu, na kwa mnyoo ni nchi tofauti kabisa. Huku juu mtoto wa mnyoo akiba yake inadumu lakini anazaa polepole. Kule chini, penye mifereji ya kunyunyizia maji na mboga mwaka mzima, anazaa upesi sana na hakosi mzizi hata wiki moja. Embu ni hivyo hivyo, ukitoka upande wa chai kule Manyatta mpaka Mbeere. Kwa hivyo mtu wa Timau akikupa ushauri wa shamba lake, msikize kwa heshima, halafu uulize kwanza: kwako udongo uko nyuzi ngapi?

Hata ndizi, fahari yetu. Kwa nyanda za juu zenye baridi mnyoo wa migomba anayetawala ni Pratylenchus goodeyi, na kwa maeneo ya chini yenye joto ni Radopholus similis. Hawa hawaachi vifundo, wanachimba mizizi hadi inageuka myekundu-myeusi na kuoza. Upepo ukija na mkungu umekomaa, mgomba mzima unalala chini. Shosho yangu miaka yote alisema ni upepo. Si uongo, upepo ndio ulisukuma, lakini mizizi ilikuwa imekwisha zamani. Na dawa yake ni joto tena: unachukua chipukizi, unamenya shina la chini mpaka libaki jeupe, unalitumbukiza kwa maji yanayochemka kwa sekunde 30, unatoa, unapanda. Wataalamu wa IITA wamefundisha njia hii kwa miaka mingi. Sufuria, kuni na simu ya kuhesabu sekunde. Nilipomwambia shosho aliniuliza kama nataka kupanda au kupika. Alikubali chipukizi tatu tu, nyingine akapanda vile anavyojua yeye. Tutaona.

Lakini viazi ndivyo vinanitisha, na hapa Gakoromone yenyewe inaingia kwa hadithi. Mwaka 2015 iliripotiwa rasmi kwamba Kenya kuna mnyoo mwingine, Globodera rostochiensis, mnyoo wa vifuko wa viazi. Miaka michache baadaye ndugu yake, Globodera pallida, naye akaripotiwa. Huyu jike akifa mwili wake unakauka, unakuwa kifuko kigumu kidogo kama kichwa cha pini, na ndani yake mayai mamia. Na watoto walio ndani ya yale mayai hawatoki ovyo kama minyoo fundo. Wanakaa, wamezima data, hawatumii karibu chochote, wakingoja kemikali inayotoka kwa mizizi ya viazi. Wasiposikia hiyo harufu wanaweza kungoja miaka, hata 20. Kwa hivyo ile hesabu ya "acha shamba tupu njaa iwamalize" hapa haifanyi kazi haraka. Ukipanda kabeji msimu mmoja ukadhani umewahadaa, wao wako kwa kifuko wanalala.

Sasa nenda soko siku ya soko kubwa uangalie magunia ya viazi yakishushwa. Angalia udongo. Viazi vinakuja na udongo wa shamba, udongo unamwagika, unakanyagwa, unabebwa na viatu, magurudumu na magunia yanayorudi shamba lingine. Halafu kuna wale wanaochagua vile viazi vidogo vya bei ya chini, wanavipeleka nyumbani vichipuke, wanapanda. Si uzembe, mbegu iliyoidhinishwa ni ghali na wakati mwingine haipatikani. Lakini hapo umenunua viazi na umepewa minyoo ya nyongeza bure. Nikimwambia yule mama wa karoti hayo, alinijibu vizuri kuliko mtaalamu yeyote: "Mwanangu, nikiviosha vinaoza kabla ya jioni. Nani atanilipa?" Sina jibu la hilo. Kulaumu mama wa soko ni rahisi sana ukiwa na simu mkononi.

Kuna kitu kimoja kinaweza kutusaidia, na kinanikasirisha kidogo. Watafiti wa hapa Nairobi, IITA na icipe, wakiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, walichapisha mwaka 2022 majaribio waliyofanya kwa mashamba ya viazi hapa Kenya: unafunga mbegu ya kiazi kwa karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba, yenye dawa kidogo sana, unapanda. Mavuno yalipanda. Na karatasi yenyewe, hata ukiacha dawa, inavuruga ile harufu ya mizizi, mnyoo hajui kiazi kimefika. Yaani unamnyima notifikesheni. Sasa nyuzi za migomba! Meru! Kaunti ambayo ndizi zinatoka chini na viazi vinatoka juu, na vyote vinakutana Gakoromone mita chache kutoka kwa kingine. Mashina ya migomba tunayakata yanaoza au tunapea ng'ombe. Kama kuna biashara ambayo vijana wa hapa wangefaa kushindania kabla ya kubet, ni hiyo. Na kama kaunti inatafuta mahali pa kuweka pesa za vijana, iache kutugawia mabango na tisheti. Nimesema.

Turudi kwa nyanya, maana wengi wenu ndiyo mnaniuliza.

Ushauri wangu wa kwanza ni wa bure na ndio watu wanaupuuza: ukimaliza kuvuna, ng'oa na mizizi. Yote. Wengi tunakata shina, tunaacha mzizi ndani kwa sababu tumechoka na tunasema utaoza uwe mbolea. Ule mzizi unabaki hai kwa muda, mnyoo anaendelea kula, na mayai yako pale pale karibu na shimo utakalopandia mche mpya. Toa, anika juani mbali na shamba, ukikauka choma. Usitupe kwa samadi.

Wa pili watu wanadhani nina wazimu. Baada ya kung'oa, usipande. Mwagilia udongo mtupu. Binamu yangu alinikuta na mpira wa maji, grinihausi haina hata jani moja, akasimama mlangoni: "Unamwagilia nini?" Minyoo, nikamjibu. Mayai ya minyoo fundo hayangoji sana ruhusa ya mmea, yakipata unyevu na joto yanaanguliwa. Watoto wanatoka, udongo una joto, wanatembea, wanatafuta, hakuna mzizi, mafuta yanaisha. Ukiacha udongo ukauke kabisa, mayai yanatulia kwa ule ute wao na wengi wanakungoja. Kwa hivyo unataka unyevu, joto, na njaa, zote tatu kwa pamoja. Na magugu usiyaonee huruma hata moja, kwa sababu minyoo fundo hawachagui chakula sana na gugu moja ni waifai ya bure. Sisi tulifanya Januari na Februari, kabla mvua ya Machi. Ukijaribu Julai wakati wa baridi na ukungu utapoteza muda tu, wao watakuwa wamepoa wanakusubiri.

Ukiwa na nailoni safi inayopitisha mwanga, lowesha udongo, tandaza, ziba kingo na udongo, acha wiki nne hadi sita za jua kali. Hapo sasa hutegemei njaa peke yake, udongo wa juu unapata moto wa kuwaua. Wa chini kabisa wanaweza kubaki, kwa hivyo usinirudie ukisema nilikuahidi shamba jipya. Unawapunguza ili mmea ukue mizizi kabla hawajafika wengi. Ukishapanda sasa geuza mambo: fungua madirisha, weka matandazo ya nyasi, udongo upoe, ile jeni ya mbegu sugu ifanye kazi. Joto nalitaka wakati shamba ni tupu. Mmea ukiingia silitaki.

Kuhusu dawa kali za zamani sitasema mengi. Methili bromidi ilikuwa inaua kila kitu udongoni na ikapigwa marufuku kwa sababu ya tabaka la ozoni. Zile chembechembe za kabofurani ziliondolewa madukani Kenya baada ya kutumika kuwaua simba kwa sumu. Kama mtu anakuuzia kitu kwa karatasi isiyo na lebo, kimbia.

Na vipimo vya udongo: ukipeleka udongo upimwe, kipimo cha kawaida kinakuambia pH, naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Mnyoo hamo mpaka umwombe kwa jina. Kwa hivyo sema "na nematodi pia", na upeleke na mizizi. Kama huna hela, panda miche michache ya nyanya kwa mkebe uliojaa udongo wako, ngoja wiki sita hivi, ng'oa, osha, angalia. Mzizi wenyewe utakuambia.

Najua jibu la wengi. "Wewe una wazazi, mimi nina mkopo." Ndiyo neno aliloniambia kijana wa Embu nilipompigia kumwambia asipande. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Miezi miwili bila kitu kwa shamba, na kila mwezi mama anaulizwa pesa mbele ya watu?" Sikuwa na la kusema. Ni rahisi kuandika "acha shamba tupu" kama si wewe unadaiwa. Lakini nilimwomba kitu kimoja: ang'oe mashina mawili ya zile alizovuna, anitumie picha. Alituma usiku. Vifundo. Bado vichache, lakini vipo.

Tuliongea karibu saa mbili, tukamwingiza yule dada wa komenti kwa simu (ndiyo, nilimwomba msamaha, akacheka, akaniita daktari). Yeye ndiye alileta wazo la mitoo. Mitoo ni ndugu wa marejea, ile mimea ya jamii ya Crotalaria ambayo Tanzania wanaipanda kurutubisha udongo na kupunguza minyoo: mnyoo akiingia kwa mizizi yake hapati chakula cha kumkuza. Na majani ya mitoo yanaliwa, watu wa magharibi wanaitafuta sana, na Embu wako wengi. Haitalipa kama nyanya. Italipa kitu, na kitu ni afadhali kuliko mama kuketi kimya kwa mkutano.

Basi amegawa grinihausi mara mbili. Nusu mitoo, nusu tupu anaimwagilia maji. Alhamisi mweka hazina wa chama alipita akamkuta na mpira wa maji juu ya udongo usio na kitu, na sasa anaitwa mbele ya wamama wote aeleze pesa zao zinamwagiliwa wapi. Ameniomba niende naye. Mkutano ni Jumapili baada ya kanisa. Nimeweka mzizi mmoja wa Nkubu kwa chupa ya maji, vifundo vinaonekana vizuri, na nimeazima darubini ndogo. Shosho anasema nivae shati lenye kola na nisiende na kamera.